Nani Atamsoma Msomaji

Sitaandika alizaliwa lini wala wapi, wala kwamba ni mtoto wa ngapi kwa baba yake. Yeye mwenyewe hakuwahi kuanza hivyo, na angenisikia nikianza hivyo angegeuza uso akaangalia ukuta. "Kila aliyekufa alizaliwa," alikuwa akisema. "Hiyo si habari. Niambie kingine."

Mtaani kwetu Mpanda tulimwita Msomaji. Ndiye aliyesoma wasifu wa marehemu kwenye misiba yetu, mwaka hadi mwaka, mpaka ikawa mtu akifa watu hawasemi "nani atasoma wasifu," wanasema tu "Msomaji ameambiwa?" Na yeye hakusema "nitasoma wasifu wa fulani." Alisema "nitamsoma fulani." Sote mnajua wasifu wa kawaida unavyokwenda. Shemeji mtu anasimama na karatasi, marehemu alizaliwa, akamaliza darasa la saba, akaoa, akajaliwa watoto, akaanza kusumbuliwa na presha, akalazwa, basi. Watu wanachezea simu huku wanapiga miayo. Msomaji akisimama, simu zilirudi mifukoni na hata wapishi walitoka jikoni na miko yao mkononi.

Naandika haya nikiwa ndani ya treni, na kabla sijaenda mbali niseme wazi: hajafa. Nikiandika "alikuwa" vidole vinakataa. Yuko kitandani kwake, kiharusi cha pili kimemchukua upande wa kulia, na kuna jambo moja anajaribu kulisema ambalo sikukaa kulisikia. Mimi nimeondoka. Begi langu liko juu ya kichwa changu, mchele wa mama umo ndani, dumu la asali ya Ugalla limefungwa kwa kitenge, na kila kituo tunachopita natamani kushuka. Tukikaribia mto Ugalla mtandao unapotea, kwa hiyo naandika haraka kama mtu anayefukuzwa. Mnisamehe nikiruka ruka.

Alikuwa na namna yake ya kukusanya habari. Msiba ukitangazwa, wengine wanakimbilia michango na maturubai. Yeye anauliza, "Marehemu alikuwa haongei na nani?" Akishajibiwa anavaa viatu na kwenda huko kwanza, hata kama ni mbali na jua ni kali. Kwa mjane, kwa watoto, kwa wanakwaya wenzake, alikwenda baadaye. Nilipomuuliza sababu alinitazama kama nimemuuliza kwa nini anatumia mlango.

"Anayekupenda alishaacha kukutazama, amebaki na picha yako," alisema. "Mliyenuniana naye ndiye anakuangalia kila siku ukipita."

Alipofariki fundi cherehani wa jirani yetu, Msomaji alikwenda kukaa kwa mama muuza mkaa, ambaye alikuwa hasalimiani na fundi kwa sababu ya mbuzi aliyekula vitambaa. Akatoka huko na habari ambayo hata mjane hakuwa nayo. Kumbe kila asubuhi fundi alisimama mpakani na ufagio, akamtukana yule mama kwa sauti ndogo, halafu akafagia mbele ya nyumba zote mbili. Siku ya mazishi Msomaji alisema vile vile, na matusi akayaita "maneno ambayo padri anayajua kutoka kwenye kitubio." Padri mwenyewe alicheka. Watu walicheka mpaka kilio kikaanza upya, na mama muuza mkaa alilia kuliko mjane.

Wapo waliomchukia kwa hilo. Kuna familia iliwahi kumkatalia kabisa kusoma, wakisema marehemu wao hatachekwa. Akaenda kwenye msiba hivyo hivyo, akakaa mstari wa nyuma, akasikiliza alizaliwa, akamaliza, akaoa, akalazwa. Baadaye aliniambia kwamba alitamani kusimama na kupiga kelele, maana yule mtu alikuwa hodari wa kuiga milio ya ndege wote wa msitu wa Ugalla, na hakuna aliyelitaja.

Lakini kilichomfanya awe wetu ni mwisho. Kila wasifu wake uliishia na kitu kimoja ambacho marehemu amekiacha hakijaisha. Hakukipa jina, sisi ndio tuliokiita kiporo, kama ugali unaobaki kwenye sufuria mpaka kesho. "Ameacha shimo la choo halijafunikwa." "Ameacha gauni la ubatizo la mjukuu halijatiwa mikono." Anasema hivyo, anakaa. Na ikawa desturi ya mtaa, bila kikao wala barua ya mwenyekiti, kwamba matanga yakishavunjwa watu wanakwenda kumaliza. Vijana wanafunika shimo. Mwenye cherehani anatia mikono. Hakuna anayeshukuriwa, na ukijisifu unachekwa.

Nilikuwa kidato cha pili alipokufa mama mmoja aliyeuza uji stendi. Msomaji akasema, "Ameacha mpunga Mpimbwe umeiva na hakuna wa kuuvuna." Watu wakatazamana, maana Mpimbwe si pua na mdomo. Lakini baada ya matanga ilipatikana Fuso, tukapanda na miundu na magunia na masufuria, tukapita Sitalike viboko wakituangalia kutoka kwenye matope, tukakata ule mpunga mpaka mgongo ukakataa kunyooka. Watu wa kule, waliokuwa hawatujui hata kidogo, wakatupikia. Msomaji naye alikuja. Hakukata hata bua moja. Alikaa kwenye kivuli cha Fuso akilalamika kwamba chai yao haina sukari ya kutosha.

Ndiyo, alikuwa hivyo. Msije mkadhani namwandika mtakatifu. Alikuwa na sukari, daktari alimkataza soda, na alikunywa soda kila mchana akiificha nyuma ya mguu wa kiti mtu akipita. Mtu aliyesema ukweli wa kila maiti alidanganya kuhusu umri wake mpaka hospitali. Alikuwa bahili wa chai ya nyumbani kwake na mnywaji mkubwa wa chai ya watu. Alisema hataki sifa, ila akishasoma na usipomwambia lolote, ananuna siku nzima. Alikuwa na shati moja jeupe la misibani, kola imekatika uzi, na hakutaka lishonwe wala libadilishwe. Na ingawa nyumba yake iko karibu na stesheni kiasi kwamba honi ya treni inatikisa vikombe, hakuwahi kupanda treni maishani mwake. Hilo halikumzuia kutoa ushauri kwa kila msafiri.

"Ukifika Kaliua usishuke ovyo," aliniambia juzi juzi kabla hajapigwa mara ya pili. "Watu wa Kaliua wanauza kuku mzuri, utanogewa, treni itakuacha."

"Babu, nani alikwambia?"

"Kwani mimi ni mtu wa kuambiwa?"

Mimi nilianza kuandika kwa sababu yake. Nilikuwa mtoto wa kukaa kwenye mkeka na wanawake misibani, na wengine walipolala mimi nilimsubiri Msomaji. Nilipomaliza chuo na kurudi nyumbani bila kazi, nikafungua blogu kwenye simu yangu yenye kioo kilichopasuka, nikaanza kuandika watu wa Mpanda: dereva bajaji anayeimba kwaya, mama wa Katumba anayechonga vijiko. Walionisoma walikuwa wachache, wengi wao ndugu. Yeye hakuwa na simu ya kusomea, ana kitochi, kwa hiyo nilikwenda barazani kwake na kumsomea kwa sauti.

Alisikiliza amefumba macho, mkono wa kulia umelala kwenye goti. Nikifika mahali nimeongopa au nimepamba, mkono unainuka, kiganja kikiniangalia mimi. Hasemi neno. Nafuta. Nasoma tena. Unainuka tena. Kuna siku nilisoma aya nzima kuhusu machweo ya jua juu ya reli, na mkono ukakaa juu tangu mwanzo mpaka mwisho kama wa askari wa barabarani.

"Lakini babu, jua lilikuwa zuri kweli!"

"Jua ni zuri kila siku. Yule mwanamke alikuwa amebeba nini?"

Sikuwa nimeangalia. Nilikasirika, nikaondoka bila kuaga, na kesho yake nikaenda stesheni kumtafuta yule mwanamke nimwulize. Alikuwa amebeba mlango. Mlango mzima wa mninga, anampelekea mwanawe aliyejenga Tabora. Habari hiyo ndiyo iliyosomwa na watu wengi kuliko zote nilizowahi kuandika, na ndiyo iliyonipatia nafasi ninayoiendea sasa Dodoma, mwaka mzima wa mafunzo ya uandishi. Walisema nisiporipoti Jumatatu nafasi inakwenda kwa mwingine. Nimeomba nafasi kama hizi mpaka nikachoka kufungua majibu. Hii ndiyo pekee iliyosema ndiyo.

Yako makosa yake mawili ambayo mtaa unayajua, na niliyaona siku zote kama mawili.

La kwanza lilitokea Ugalla, kwenye msiba ambao sisi wa mjini hatukwenda. Alitusimulia mwenyewe, kwa kifupi, akitazama chini. Alimsoma mwanamke mmoja mfuga nyuki, na alipofika mwisho, badala ya kusema mzinga au jembe, akasema, "Ameacha ugomvi na dada yake." Dada mtu alikuwa amekaa pale pale mbele. Akasimama, akajifunga khanga, akatembea katikati ya watu wote na kuondoka. Hakuna mtaa unaoweza kwenda na majembe kumaliza ugomvi wa marehemu. Tangu siku hiyo Msomaji akajiwekea sheria: kiporo kiwe kitu ambacho watu wanaweza kukimaliza kwa mikono yao. Akawa anairudia sheria hiyo mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

La pili ni mkewe. Bibi alipofariki watu walikuja kutoka Magamba, kutoka Katumba, kutoka kila kona, na nisiwafiche, wengi walikuja kusikia. Tulijua atamsoma bibi kuliko alivyowahi kumsoma yeyote. Alikuwa amevaa lile shati jeupe. Wakati ulipofika, hakusimama. Mshereheshaji aliita mara ya pili, akabaki amekaa na mikono katikati ya magoti. Mwishowe mwenyekiti wa mtaa akainuka na kusoma alizaliwa, akabatizwa, akaolewa, akajaliwa watoto, akaugua, akalazwa. Bibi aliyetulea nusu ya mtaa akazikwa na maneno ambayo yangemfaa mtu yeyote. Bila kiporo. Baada ya matanga watu walizunguka zunguka pale uwanjani, hawana cha kwenda kumaliza, wakarudi makwao.

Hakuna aliyemuuliza. Mimi nilijaribu mara moja, akaniuliza kama treni ya jana ilichelewa.

Kiharusi cha kwanza kilipompiga, niliporudi kumsomea ndipo nilipoiona hofu yake, na sijawahi kuona mtu mzima akiogopa waziwazi namna ile. Mdomo ulikuwa umepinda kidogo lakini maneno yalikuwa bado yanatoka. Alinishika mkono.

"Mjukuu, mimi nimewasoma wote hawa. Mimi nani atanisoma?"

"Babu, usiseme hivyo, utapona."

Kiganja kikainuka.

"Mwenyekiti atasimama," alisema. "Atasoma nilizaliwa. Atasoma nililazwa. Nitakuwa pale kwenye sanduku nasikia na siwezi kuinua mkono." Machozi yakamtoka na hakuyafuta. "Uniandike. Uniandike sasa, uje unisomee nikiwa na masikio."

Nikakubali. Nani angekataa? Nikaenda nyumbani nikafungua simu, na hakuna kilichokuja. Mimi ninayeweza kuandika kuhusu mlango wa mninga nikashindwa kumwandika mtu niliyemjua tangu sijaota meno. Kila sentensi niliyoanza na "alikuwa" niliona ninamwagia udongo. Kila sentensi niliyoanza na "ni" ilisikika kama ya wasifu wa mgombea udiwani. Wiki zikapita. Barua ya Dodoma ikaja. Mama akaanza kukaanga karanga za safari, akapeleka viatu vyangu kwa fundi, akanunua begi jipya la magurudumu ambayo kwenye vumbi letu hayazunguki. Kila alipofurahi mimi nilizidi kuchanganyikiwa. Nilikuwa nakunja nguo huku nalia, na mama akidhani nalilia nyumbani.

"Dodoma si Ulaya, mwanangu," akasema. "Kuna simu."

Halafu kikampiga cha pili.

Jana mchana nilikwenda. Sikuwa nimeandika vizuri, niliandika tu, kwenye simu, kwa hasira, na nikasema bora mabaya yangu kuliko ya mwenyekiti. Binti yake, Mama Suzi, ndiye anayemuuguza. Alinifungulia mlango huku mkono mmoja una bakuli la uji.

"Shikamoo, babu."

Alitoa mlio. Mama Suzi siku hizi ndiye mkalimani wake.

"Anasema umechelewa."

"Umejuaje ndicho anachosema?"

"Kila anayekuja anamwambia hivyo."

Nikakaa upande wake wa kushoto, kwa sababu mkono wa kulia umekufa na sikio la kulia lilikuwa limekufa zamani. Nikaanza kusoma. Niliposoma "alikuwa mtu wa watu," mkono wa kushoto ukajikokota juu ya shuka, ukainuka. Ulikuwa unatetemeka na kiganja kilikuwa hakijanyooka, lakini ulikuwa ule ule. Mungu wangu, nilifurahi jinsi gani! Nikafuta. Niliposoma kwamba aliwapenda majirani zake wote, ukainuka tena, na Mama Suzi akacheka, "Hapo hata mimi ningeinua." Nikasoma soda nyuma ya mguu wa kiti, akatoa sauti kifuani ambayo Mama Suzi alisema ni kicheko. Nikasoma fundi na ufagio. Nikasoma mpunga wa Mpimbwe. Alikuwa amefumba macho, na kwa muda mfupi ilikuwa kama barazani, mimi nasoma, yeye anasikiliza, treni inapiga honi.

Kisha nikafika mwisho. Nilikuwa nimetafuta kiporo chake kila mahali na nimepata kimoja tu. Nikasoma, "Ameacha mke wake hajasomwa."

Mkono haukuinuka. Ulianguka pembeni mwa kitanda.

Alianza kusema, maneno mazito kama mtu mwenye ugali mdomoni, na Mama Suzi akainama kumsikiliza.

"Anasema hicho watu hawawezi."

"Najua sheria yake."

"Anasema andika bati. Bati la jikoni linavuja."

Ni kweli bati la jikoni linavuja, vijana wangelibadilisha kwa asubuhi moja. Na maisha yangu yote nimefuta kila alichoniambia nifute. Lakini sikuweza. 

"Sifuti, babu. Ulinifundisha mwenyewe naanzia wapi. Bibi alikuwa haongei na nani?"

Mama Suzi akaacha kukoroga uji. Mzee alinitazama kwa jicho lile linaloona vizuri, muda mrefu, mpaka nikajutia mdomo wangu. Halafu akasema neno moja ambalo halikuhitaji mkalimani.

"Mimi."

Ikatoka polepole, kipande baada ya kipande, Mama Suzi akikusanya na kunipa, yeye mwenyewe akiisikia kwa mara ya kwanza huku uso unambadilika. Mfuga nyuki wa Ugalla alikuwa mdogo wake bibi. Dada mtu aliyesimama na kujifunga khanga mbele ya watu wote ni bibi. Mumewe ndiye aliyetangaza aibu yake juu ya jeneza la ndugu yake, kwa sababu sentensi ilikuwa nzuri. Alisema hivyo mwenyewe, ilikuwa nzuri. Kuanzia siku ile bibi hakumsemesha. Alipika, akafunika chakula na sahani. Alifua lile shati jeupe na kulipiga pasi. Mumewe aliongea, yeye akatazama sufuria. Masika ikapita yote hivyo. Basi bibi alipokufa, na mzee akitakiwa kwenda kwanza kwa yule aliyekuwa haongei na marehemu, hakuwa na pa kwenda. Alikuwa ameshafika.

"Lakini alisema," Mama Suzi akanitafsiria, sasa analia. "Anasema mama alimsemesha mara moja. Siku ile tunampeleka hospitali."

Bajaji ilikuwa mlangoni. Bibi alikuwa ameshawekwa ndani, homa imempanda. Mzee akainama kumfunika miguu. Bibi akamshika kola ya shati, akamvuta kwa nguvu mpaka uzi ukakatika, akamsogezea mdomo sikioni. Na akasema.

"Aka..." mzee akaanza. "Aka... aka..."

Halikutoka. Alijaribu tena, mishipa ya shingo imesimama. Jasho likamtoka. Na mimi, badala ya kunyamaza, nikaanza kumsaidia.

"Alisema amekusamehe?"

Mkono ukainuka.

"Alisema usimsome?"

Ukainuka.

"Alisema..."

Ukabaki juu, na hapo nikaelewa nilichokuwa nafanya. Nilikuwa nampamba bibi. Nikafunga mdomo. Yeye akaendelea kupigana na lile neno, na mwishowe uchovu ukamshinda akalala, mdomo wazi. Nilisubiri mpaka mama yangu alipokuja kuniita, begi halijafungwa, tiketi haijachukuliwa. Msomaji hakuamka.

Leo asubuhi nilipita tena kabla ya treni. Amelala. Mama Suzi alinipokea mlangoni, macho yamevimba.

"Ameamka alfajiri," akasema. "Akawa anasema 'aka, aka.' Akageuka akaangalia kiti chako. Hukuwepo. Akalala tena."

"Na wewe hukumsikiliza?"

"Mimi ni mwanawe, hanitazami. Nimemwambia baba niambie mimi, anafumba macho. Anataka mtu wa kuandika."

Nikakaa kwenye kile kiti. Nikasikia treni ikirudishwa nyuma kufungwa mabehewa. Nikasikia abiria wanakimbia na mizigo. Nilimshika ule mkono wa kushoto na kumwambia babu amka, amka basi, na hakuamka. Nilifikiria Dodoma, nikafikiria mama aliyekaanga karanga, nikafikiria yale majibu yote ya hapana. Honi ikalia, vikombe vikatikisika kabatini. Nikainuka nikaondoka. Sijui kama nimefanya sawa. Ninaandika haya na nimekata tamaa ya kujua.

Tumeshapita Katumba. Abiria mwenzangu ananiuliza kama naumwa, nimemwambia ni vumbi.

Nyie mnaonisoma mlioko Mpanda, hamzidi wale waliojaa kwenye ile Fuso, nawajua karibu wote. Mlikwenda mpaka Mpimbwe kuvuna mpunga wa mtu asiyekuwepo. Huyu yupo. Sheria yake inasema kiporo kiwe kitu ambacho mnaweza, na hiki mnaweza, ni kukaa tu. Aende mmoja wenu leo. Nenda mchana, akishakunywa uji, kaa upande wa kushoto. Mwambie mwandishi ndiye amekutuma. Akianza "aka," subiri. Usimmalizie neno, hata akitoka jasho, hata ukimwonea huruma.

Ukishalisikia usinitumie. Bati la jikoni litengenezeni mkipenda, lakini hilo neno lipeleke Magamba, kwenye shamba lao, bibi alikolala. Simama pale umsome kwa sauti. Usianze na alizaliwa lini. Anza na kola ya shati.